Mtengeneza Programu Apimwe kwa Kazi Yake

Kwa muda mrefu ofisi zetu zimezoea kumpima kijana anayeomba kazi kwa bahasha anayoileta. Zamani bahasha ilikuwa ya kaki na iliwekwa mezani kwa karani. Siku hizi vyeti hupigwa picha na kupandishwa katika mfumo wa ajira mtandaoni. Yaliyomo, hata hivyo, hayakubadilika: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, wasifu wa kurasa mbili, na barua yenye “husika na kichwa cha habari hapo juu”. Kwa kazi nyingi utaratibu huu unatosha. Kwa kijana anayeomba kazi ya kutengeneza programu za kompyuta hautoshi, na hapana budi tuseme hivyo waziwazi.

Kila kijana wa fani hiyo yapasa awe na tovuti yake binafsi, yenye jina lake, ambamo kazi alizozifanya zinaweza kuonwa, kujaribiwa na kuulizwa maswali. Na ofisi inayotaka kumwajiri yapasa iisome tovuti hiyo kabla ya kumkalisha mbele ya jopo la usaili. Walimu wataielewa hoja hii upesi kuliko watu wengine, maana ndiyo ileile ya mkoba wa kazi: badala ya kumpima mwanafunzi kwa mtihani wa siku moja tu, hukusanywa kazi zake za muhula mzima na kutazamwa jinsi zilivyokua. Tovuti ya mtengeneza programu ni mkoba wa kazi uliotundikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuufungua.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya vijana wa mjini, na kwamba ofisa utumishi wa halmashauri ana shughuli za maana zaidi. Hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Mwananchi anayelipia leo leseni, kodi ya ardhi au huduma nyingine ya Serikali hupewa kumbukumbu namba ya malipo na mfumo wa GePG, ambao ulijengwa na wataalamu wa Kitanzania na kuanza kutumika mwaka 2017. Hospitali zina mifumo yao ya kompyuta, mahakama zina yake, vyuo vina yake. Mfumo unapokwama saa nne asubuhi, anayeumia si mtengenezaji wake. Ni mama aliyetoka nyumbani alfajiri na mtoto mgongoni, ambaye sasa anaambiwa asubiri, na hakuna anayeweza kumwambia asubiri mpaka saa ngapi. Tukimweka katika kazi hiyo mtu asiyeiweza, kwa sababu tu cheti chake kilipendeza, gharama yake inalipwa na mama huyo.

Tena cheti chenyewe tumekwisha kuona mwisho wake. Mwezi Aprili mwaka 2017, baada ya uhakiki, watumishi wa umma 9,932 walitangazwa kuwa na vyeti vya kughushi. Somo walilolipata wengi ni kwamba vyeti vihakikiwe kwa makini zaidi, nalo ni somo sahihi. Lakini liko la pili ambalo halikuzungumzwa sana. Ofisi isiyo na kipimo kingine zaidi ya karatasi, karatasi ikiwa ya uongo haina pa kushika. Na hata karatasi ikiwa ya kweli, inasema tu kwamba fulani alifaulu mtihani mwaka fulani. Haisemi kama aliwahi kukaa na karani wa masjala, akamsikiliza shida yake, akarudi baada ya wiki mbili na kitu kinachofanya kazi.

Seremala wa Keko, jijini Dar es Salaam, hana haja ya kuelezwa haya. Huweka kitanda na kabati kando ya barabara, na mnunuzi hukaa juu ya kitanda, huvuta droo, huinama kutazama kama mbao zimeshikwa kwa misumari mitupu au zimeungwa kifundi. Wachongaji wa vinyago wa Mwenge hufanya vivyo hivyo. Hakuna anayeuliza cheti kabla ya kuvuta droo. Mtengeneza programu naye ni fundi. Tofauti ni kwamba kazi yake haiwezi kuanikwa juani, hivyo hana budi atafute barabara ya namna nyingine.

Barabara hiyo iko, tena haina ushuru. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, taasisi ya utafiti wa fizikia karibu na Geneva, alipendekeza mfumo ambao ndio uliozaa kurasa hizi za mtandao. Aprili 30, 1993 taasisi hiyo ilitangaza kwamba mtu yeyote duniani anaweza kuutumia mfumo huo bila kulipa ada. Nchi zisizo na mitaji mikubwa ndizo zilizopaswa kushangilia uamuzi ule kuliko zote, maana ukurasa wa mtandao hauhitaji kiwanda. Ni faili la maandishi ya kawaida, lenye alama zinazokiambia kivinjari kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa pana picha. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuuandika ukurasa mzima ubaoni kwa chaki na mwalimu akausahihisha.

Kwa bahati mbaya, nyingi ya tovuti za vijana wetu ambazo zimekwisha kuwekwa mtandaoni zina kasoro zinazofanana. Zinaanza na picha kubwa ya ofisi ya ng'ambo, meza nyeupe, kikombe cha kahawa na dirisha linalotazama ghorofa ambazo kijana mwenyewe hajapata kuziona. Picha moja ya kamera ya simu janja huweza kuwa na megabaiti tatu au nne, wakati maneno yote ya tovuti nzima hayafiki hata sehemu ya kumi ya megabaiti moja. Kwa hiyo msomaji aliyeko Kibondo anakula kifurushi chake kwa kahawa ya mtu mwingine. Halafu hufuata michoro inayodai kwamba mwenye tovuti anaijua lugha fulani ya kompyuta kwa asilimia 90. Asilimia 90 ya nini? Seremala akikuambia kwamba anaujua mninga kwa asilimia 90, utamwelewaje? Mwishoni huja “kazi zangu”: kikokotoo, utabiri wa hali ya hewa, duka la viatu lisilo na kiatu hata kimoja. Hayo ni mazoezi ya darasani ambayo vijana wa dunia nzima huyanakili kutoka masomo yaleyale. Si dhambi kufanya mazoezi. Kuyaonyesha kama kazi ndiko kunakomfanya msomaji afunge ukurasa.

Kazi ya kweli ina mwenye shida upande wa pili. Tumchukulie kijana wa Newala ambaye chama cha msingi cha ushirika cha kijijini kwao hupokea korosho, huzipima na kumwandikia mkulima stakabadhi, kama ilivyo tangu Mkoa wa Mtwara ulipoanza kuuza korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/08. Kijana huyo akatengeneza programu ndogo ya simu: karani anaandika jina na uzito, programu inajumlisha, inatunza kumbukumbu hata mtandao usipokuwapo, na kuzituma mtandao unaporudi. Kazi kama hiyo haina mapambo. Lakini katika tovuti yake anaweza kueleza kwa aya tano au sita shida ilikuwa nini, nani aliyeitumia, kwa misimu mingapi, yeye alifanya sehemu gani na mwenzake sehemu gani. Anaweza pia kueleza kilichomshinda. Mathalani, kwamba maandishi ya kwanza aliyoyaweka yalikuwa ya kijivu na hayakusomeka chini ya jua la Oktoba penye mizani, ikabidi ayakoleze na kuyakuza. Ofisa mwenye busara ataisoma aya hiyo mara mbili, kwa sababu haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakuwapo penye mizani.

Kazi tatu za namna hiyo zatosha. Ishirini zinamchosha msomaji na kumfanya ashuku.

Na iandikwe kwa Kiswahili. Nafahamu kwamba kijana anataka kuonwa na waajiri wa Nairobi, Berlin na Toronto, nami simkatazi kuwa na ukurasa wa pili kwa Kiingereza. Ila programu iliyotengenezwa kwa ajili ya karani wa ushirika ikielezwa kwa lugha ambayo karani huyo haisomi, tumerudi palepale pa kasumba, ambapo kazi ya mwananchi haihesabiki mpaka isifiwe kwa lugha ya wengine. Mitambo yenyewe haina ubaguzi huo. Kanuni za kuandika kurasa zina mahali pa kutaja lugha ya ukurasa, na herufi mbili za Kiswahili, yaani sw, zinatambulika kimataifa. Vijana wengi huacha pale palipoandikwa alama ya Kiingereza kwa kuwa ndivyo kiolezo walichonakili kilivyokuja, na matokeo yake programu zinazowasomea wasioona huyatamka maneno ya Kiswahili kama Kiingereza kilichovunjika.

Sasa niseme juu ya jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia, nalo ni la umiliki. Wengi wao kazi zao zote wameziweka katika kurasa za makampuni ya nje, wakadhani wamejenga, kumbe wamepanga. Kampuni ya GeoCities ya Marekani ilianza mwaka 1994 kuwagawia watu nafasi za bure za kujenga kurasa zao. Yahoo ikainunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga nchini humo. Mamilioni ya kurasa za watu yakaondoka, na yaliyosalia yaliokolewa na watu wa kujitolea. Afrika nayo imekwisha kuonja. Kampuni ya Freenom ya Uholanzi ilikuwa ikigawa bure majina ya kikoa ya Mali, Gabon na nchi nyingine, na vijana wengi wenye mikono mitupu, wa hapa na wa kwingineko, waliyakimbilia majina yanayoishia na .ml na .ga. Matapeli nao waliyakimbilia. Kampuni ya Meta iliishtaki Freenom, ugawaji wa bure ukasimama, na mwaka 2023 Gabon na Mali zikarudisha mamlaka juu ya majina yao. Gabon iliyafuta mamilioni ya majina, na aliyekuwa na tovuti halali humo hakuwa na mahali pa kudai, kwa kuwa hakuwahi kulipia kitu.

Hata ghala kubwa kuliko yote la programu, GitHub, lililoanzishwa mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018, lina bendera juu ya paa lake. Mwaka 2019 watengeneza programu wa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamefungiwa sehemu ya huduma zake kwa sababu ya vikwazo vya Serikali ya Marekani. Wale wa Iran walirudishiwa mwaka 2021, baada ya kampuni hiyo kuomba na kupewa kibali na serikali hiyohiyo. Sisemi vijana wetu waliache ghala hilo. Lina manufaa, na linaruhusu hata kuweka tovuti bila malipo. Nasema jina liwe la kwao. Nchi yetu ina majina ya kikoa yanayoishia na .tz, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano, na kama zilivyotengewa ofisi za Serikali .go.tz na vyuo .ac.tz, liko fungu la .me.tz kwa ajili ya mtu binafsi. Mwenye jina lake anaweza kuhamisha tovuti kutoka seva moja hadi nyingine, anwani ikabaki ileile iliyoandikwa katika barua zake za kazi. Na kwa kuwa mfumo wa Git uliobuniwa mwaka 2005 humpa kila mwenye nakala kamili historia yote ya programu, aliyetunza nakala nyumbani hawezi kunyang'anywa kazi yake na mtu yeyote. Vijana wanaujua mfumo huu na wanautumia kila siku. Wachache tu ndio wanaoitazama nakala yao kama mali.

Watumishi wa umma wana swali lao, nalo ni zito. Mtumishi anayetengeneza mifumo ya Serikali ataonyesha nini, wakati kazi yake ni siri ya ofisi? Jibu ni kwamba hataonyesha programu yenyewe, wala picha za skrini zenye majina ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haina msamaha kwa ajili ya kujitangaza. Namba ya simu ya mgonjwa mmoja ikionekana pembeni mwa picha ya “mradi wangu wa hospitali”, huo si mkoba wa kazi tena, ni kosa. Lakini mtumishi anaweza, kwa idhini ya mkuu wake wa kazi, kueleza kwa maneno aina ya tatizo alilolishughulikia na njia aliyoifuata. Anaweza kutengeneza mfano mdogo wenye majina na takwimu za kubuni, na kusema wazi kwamba ni za kubuni. Wakuu wa idara wasiharakishe kukataa. Mtaalamu ambaye kwa miaka kumi hana hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi, huondoka kwa hasira siku anapopata mwanya.

Yupo pia atakayeuliza: je, siku hizi akili mnemba haiwezi kumtengenezea mtu tovuti nzima, na kazi zilizomo, kwa nusu saa? Yaweza. Hata tarehe na jina vinavyoonekana katika kumbukumbu za Git vinaweza kuandikwa na yeyote anavyotaka, jambo ambalo maofisa wengi hawalijui. Kwa hiyo tovuti isichukuliwe kama cheti kipya cha kupigiwa muhuri. Faida yake ni kwamba inampa msaili maswali. Cheti hakina cha kuulizwa. Kazi ina mengi. Mwombaji aambiwe afungue programu aliyoionyesha, abadilishe jambo moja dogo mbele ya jopo, mathalani uzito uandikwe kwa kilo na magunia pamoja, na aeleze kwa nini ameanzia hapo alipoanzia. Aliyeitengeneza ataifanya kazi hiyo huku akiongea. Aliyeazima atatafuta maji ya kunywa.

Lililo gumu zaidi ni la usawa, na ningekuwa mnafiki kulipita. Kijana mwenye kompyuta nyumbani na umeme wa uhakika atakuwa na tovuti nzuri kuliko mwenzake anayegombania kompyuta moja na wanafunzi wanane katika maabara ya shule. Tukiweka sharti la tovuti bila kutazama hilo, tutakuwa tumewajengea wenye nacho ngazi nyingine. Ndiyo maana sharti liwaangukie walimu na vyuo kabla ya kumwangukia mwombaji. Mkondo wa amali ulioanza kufundishwa katika shule za sekondari Januari 2024 unatoa nafasi: mwanafunzi wa fani za kompyuta asimalize masomo kabla shule haijamsaidia kuweka hadharani walau kazi moja aliyoifanyia jirani zake, iwe daftari la mahudhurio la shule ya msingi, iwe hesabu ya zahanati au ya kikundi cha kuweka na kukopa. Hili si geni kwetu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilalamikia shule inayomtenga mtoto na jamii yake, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wapitie kazini kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu wa Musoma haukudumu, na ulikuwa na kasoro zake katika utekelezaji. Swali ulilouliza, yaani huyu kijana amefanya nini miongoni mwa watu, bado halijapata jibu katika fomu zetu za maombi ya kazi.

Kwa upande wa ofisi, linalotakiwa kwanza ni dogo: tangazo la kazi ya TEHAMA liwe na mstari unaomtaka mwombaji aandike anwani ya tovuti ya kazi zake, na mstari wa pili unaomruhusu asiye nayo kueleza kazi moja aliyoifanya na mahali inapotumika. La pili ni zito kidogo. Anayezisoma tovuti hizo awe mtu wa fani, ambaye yeye mwenyewe hutengeneza programu, aazimwe hata kutoka taasisi nyingine, na apewe muda. Waombaji elfu mbili hawawezi kusomwa hivyo, nakubali. Wale ishirini waliovuka usaili wa mchujo wanaweza, nusu saa kwa kila mmoja, ambayo jumla yake ni saa kumi, yaani siku moja na ushee ya kazi ya mtu mmoja. Mtumishi atakayechaguliwa atakaa katika mifumo yetu kwa miaka thelathini.